Nani Analitazama Shimo Sasa

Nilipoanguka mtaroni, mwanangu Elisha aliichukua baiskeli yangu, akaifungia stoo, na ufunguo akautunga pamoja na funguo za gari lake. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, maana mtu akikugombeza unapata pa kumjibia. Alisema tu, "Mama, umri umeenda, sasa pumzika," kwa sauti ileile anayoitumia kwa wageni wake wazee anapowashika kiwiko wapande gari. Elisha ni dereva wa watalii. Kila wiki anawapeleka watu Ngorongoro, na amezoea kusema na wazee kwa upole unaokera. Mimi naishi Mto wa Mbu, mahali tambarare penye migomba na mifereji ya maji, ambapo kila mtu anaendesha baiskeli, kuanzia muuza ndizi hadi mwinjilisti, nami nimeendesha tangu ujana wangu. Siku ile nilikuwa namkwepa kuku. Kuku hakuumia hata kidogo, mimi nikateguka kifundo cha mkono, na kwa kosa hilo la kuku nikahukumiwa kukaa barazani kama gunia la mpunga. Niliona uchungu sana, na si wa mkono.

Bado nilikuwa na bandeji Basilisa aliponipigia simu kutoka Qurus kuniambia kwamba mume wake, Boay, amefariki. Alikuwa ameugua kifua kwa muda mrefu. Niliishi nyumbani kwao mwaka mmoja tu, enzi za usichana wangu, lakini zipo nyumba ambazo mtu huzihama na zenyewe zisimhame. Elisha aliahirisha safari yake ya kazi akanipeleka mazikoni. Tulipokuwa tunaupanda mlima kutoka Mto wa Mbu tukalikuta kundi la wazungu juu ya baiskeli, wamefuatana mmoja nyuma ya mwingine, nywele nyeupe zinachungulia chini ya kofia zao. Mmoja alikuwa mwanamke wa umri wangu, kama si zaidi, uso umemwiva kama nyanya, anasukuma pedali polepole bila haraka ya kufika. Elisha akapunguza mwendo, akawapungia mkono. "Hawa wenzetu wana moyo, Mama," akasema. "Unamwona yule bibi? Anatoka Arusha na baiskeli mpaka getini Ngorongoro." Nikamwambia namwona. Sikusema neno lingine mpaka tulipofika Karatu, na yeye hakuniuliza kwa nini, kwa sababu ananijua.

Nilipelekwa Qurus mwaka ule mpaka wa Kenya ulipofungwa, mwishoni mwa miaka ya sabini, nikiwa mwalimu mpya kabisa wa elimu ya watu wazima. Nilikuwa na sanduku la bati, jozi moja ya viatu, na baiskeli nyeusi ya Kichina niliyokabidhiwa kwa ajili ya kuzunguka vituo vya kisomo. Ilikuwa baiskeli ya kiume, yenye mtaimbo katikati, nzito kama plau. Serikali ya kijiji ilinipangia chumba kwa mjane mmoja, Mama Boay, aliyekuwa anakaa na mwanawe Boay na mke wa Boay, huyu Basilisa. Chumba changu zamani kilikuwa cha ndama. Kilikuwa kimesakafiwa upya kwa samadi na udongo, kimepakwa majivu ukutani, lakini siku za mvua wale ndama walirudi kwa harufu. Kulikuwa na kitanda cha kamba, kigoda, na dirisha la ukubwa wa sinia. Kupitia dirisha hilo nilikuwa naona mashamba ya mtama na mahindi yakipanda kilima hadi kilima, kisha msitu, mweusi, umesimama kama ukuta mwisho wa nchi, na juu yake ukungu. Ukungu ule ulikuwa unamwagika kutoka nyuma ya msitu kila asubuhi, na mchana unarudi ulikotoka. Huko nyuma ndiko liliko shimo la Ngorongoro. Hivyo ndivyo watu wa pale walivyoliita: shimo.

Tulikula pamoja, jikoni, kwenye mwanga wa moto. Sukari ilikuwa imeadimika mwaka ule, kwa hiyo chai ilikuwa maziwa matupu yaliyochemshwa na majani, na baada ya wiki chache ulimi ukaacha kudai. Jioni tulikula ugali wa mtama na maziwa ya mgando, au makande, au majani ya maboga yaliyotiwa siagi ya nyumbani iliyoanza kuchacha. Basilisa alikuwa bibi harusi bado, mcheshi, anacheka na mkono mdomoni. Boay alikuwa kijana wa maneno machache na mikono mikubwa, ambaye baba yake alifariki mapema akamwachia nyumba, ng'ombe na wasiwasi. Alikuwa na wasiwasi na mvua, na kwato za ng'ombe, na bati la jikoni, na zaidi ya vyote alikuwa na wasiwasi na mama yake. Nilijifunza Kiiraqw kwa kuwasikiliza kupitia ukuta wa chumba changu, na kwa kuwa maneno mengi Boay aliyomwambia mama yake yalikuwa ya kumwomba asifanye jambo fulani, nilijua kukataza kabla sijajua kuomba maji.

Mama Boay alikuwa amepita miaka sitini. Alikuwa mrefu, mwembamba, na jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu, kama ule wa msituni. Mganga wa zahanati alimwambia ni mtoto wa jicho na kwamba la kulia litafuata, na hospitali ya kulitengeneza ilikuwa mbali mno kwa mtu asiye na gari wala ndugu mjini. Hakulia juu ya jambo hilo. Alichofanya ni kuanza kutazama vitu kwa pupa. Alikuwa anasimama mbele ya kuku wa jirani akimtazama kama mtu anayesoma. Katika darasa langu, lililokutana alasiri chini ya paa la kanisa, alikuwa mwanafunzi anayenichosha kuliko wote. Tukisoma kwamba mahindi yapandwe kwa nafasi hii na hii, wenzake wanaitikia, yeye anauliza aliyepima nafasi hiyo alipima kwenye udongo wa wapi. Tukisoma neno "bahari", anataka kujua watu wanaokaa kandokando yake wanachota wapi maji ya kunywa. Sikuwa na majibu, nami nilikuwa katika umri ule wa kuona haya kukosa majibu. Yeye hakuona haya. Alisema, "Basi Mwalimu, ukijua utaniambia," kisha akaendelea na herufi zake.

Kabla ya mpaka kufungwa, magari ya watalii yalikuwa yanapita barabara kuu mfululizo, yakielekea shimoni. Kutoka shambani kwetu tulikuwa tunaona vumbi lao jekundu likitembea kando ya kilima. Kisha likapungua, na mwezi mmoja likaisha kabisa. Watu wa Karatu waliokuwa wakiishi kwa kuuza vinyago na mayai walikaa barazani wakitazamana. Mama Boay naye aliona. Siku moja tulikuwa tunapukuchua mahindi uani akaniuliza, "Mwalimu, wale wageni hawaji tena?" Nikamweleza habari za mpaka kadiri nilivyozielewa. Alipukuchua gunzi moja lote. Kisha akasema, "Sasa lile shimo nani analitazama?" Nilicheka, Basilisa akacheka, lakini yeye hakucheka. Alisema kwamba miaka yote ile watu wametoka makwao, wamevuka bahari, wamepita mbele ya nyumba yake na vumbi lao limeingia kwenye maziwa yake, kwa ajili ya kutazama kitu kilichoko nyuma ya msitu ambao yeye anauona kila akiamka. Alidhani iko siku atakwenda. "Na sasa jicho moja limeshakwenda," akasema. "Hili lililobaki nataka nilitumie vizuri."

Nadhani ni baada ya hapo ndipo alipoanza kuizungukia baiskeli. Aliizungusha pedali kwa mkono, akauliza mnyororo unavuta nini. Aliuliza kwa nini haianguki nikiwa juu yake na inaanguka nikiiacha, swali ambalo mpaka leo sijui kulijibu sawasawa. Alasiri moja baada ya darasa akasema anataka kupanda. Si kupakiwa, kupanda mwenyewe. Nikamshikia kwenye uwanja wa shule, upande ule wenye mteremko mdogo, amejifunga shuka juu ya gauni na mguu mmoja ameupitisha chini ya mtaimbo kama watoto wanavyofanya. Alianguka. Alianguka tena, akainuka akijikung'uta na kuchunguza alipoangukia, kana kwamba kosa lilikuwa la ardhi. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani walitua ndoo zao wakakaa kutazama. Wiki zilipopita akaweza kuteremka uwanja mzima peke yake, shuka linapepea, shingo imenyooka. Kitu kimoja tu hakukiweza, kusimama. Alijua kwenda, lakini breki zilimshinda mikononi, kwa hiyo alikuwa anasimamishwa na ua wa minyaa au na mimi. Nilimwambia hatuwezi kusema amejua kuendesha kama hajui kusimama. Akanijibu, "Kusimama kutakuja kwenyewe, Mwalimu. Sijamwona mtu aliyeshindwa kusimama."

Boay hakupenda. Nilimsikia kupitia ukuta akimwambia, "Ayo, watu wanacheka," na ayo kwao ndiyo mama. Akamjibu kwamba waache wacheke, mwaka wenyewe hauna sukari. Lakini aliposema anataka nimpeleke kwa baiskeli akalione shimo, Boay hakuzungumza tena habari za kicheko. Aliweka bakuli chini. Alisema barabara ile ikishapita mashamba ya kahawa inaingia msituni, na msituni kuna nyati na tembo, na kwamba mtu mmoja wa kijiji cha pili alienda kukata fito akarudi amebebwa. Alisema jicho moja halitoshi kumwona nyati. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Huendi." Sikuwahi kumsikia kijana akimwambia mama yake neno hilo kwa namna ile, na nilimchukia. Nilikuwa na umri wa kuchukia upesi. Mama Boay alimaliza ugali wake, akaosha bakuli. Nilidhani mambo yameisha.

Siku kadhaa baadaye, tukiwa tunakula makande, akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Ng'ombe wangu wa kule juu sijamwona tangu baba yako afariki." Basilisa aliacha kutafuna. Ilibidi nielezwe baadaye. Kwa Wairaqw wa wakati ule, mwenye ng'ombe hakukaa nao wote zizini kwake. Huyu alimweka kwa shemeji, yule kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize kila kitu. Anayemtunza anakunywa maziwa, ndama wanabaki wa mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kwenda wakati wowote kumtazama. Hakuna anayemuuliza mwenye ng'ombe anakwenda kufanya nini. Ni sawa na kumuuliza mtu kwa nini anakwenda kumwona mtoto wake aliyeko shule ya bweni. Mama Boay alikuwa na ng'ombe aliyepewa na baba yake mzazi alipoolewa, na mumewe alimweka mtamba wa ukoo huo kwa rafiki yake Mmasai, ng'ambo ya msitu, ambaye sasa alikaa ukingoni mwa shimo. Ilikuwa zamani, lakini ng'ombe ni wake, na ndama wake ni wake.

Boay alielewa mara moja alikoviziwa. "Nitakwenda mimi," akasema. Mama yake akamuuliza atamjuaje, wakati mtamba ule ulipoondoka yeye Boay alikuwa bado anatambaa. "Na wewe utamjuaje?" Boay akauliza. "Hata yule wa kwanza lazima alishakufa." Mama Boay akachukua chumvi kwa vidole viwili, akanyunyiza makande yake. "Nilimjua bibi yake," akasema. Boay alitazama moto muda mrefu, na mimi nilimtazama yeye nikiwa na furaha ya ushindi ambayo kama ningekuwa na adabu ningeificha. Hatimaye akasema tusubiri mavuno yaishe. Hakukubali, ila alikuwa amekosa mahali pa kusimamia kukataa kwake.

Tuliondoka asubuhi ya baridi, mavuno yalipokwisha. Boay hakuwepo kutuaga. Basilisa alisema ametangulia shambani. Mama Boay alikaa kwenye keria, upande upande, na kibuyu cha unga wa mtama mapajani na ugoro kwenye kitambaa kwa ajili ya wenyeji wetu. Palipokuwa tambarare niliendesha, penye kilima tulishuka tukasukuma pamoja, na vilima vilikuwa vingi. Barabara ilikuwa tupu. Sijawahi kuiona vile tena: barabara pana, nyekundu, bila gari hata moja, na ndege wametua katikati yake. Alikuwa anauliza kila kitu. Kwa nini kahawa hupandwa chini ya miti. Nani alikaa kwenye ile nyumba yenye bomba la moshi. Katikati ya mashamba ya kahawa tairi la nyuma likatoboka, na gundi ya kuziba pancha ilikuwa imeadimika kama sukari, kwa hiyo tukafanya kama kila mtu alivyofanya mwaka ule: tukatoa mpira wa ndani, tukashindilia majani makavu ndani ya tairi mpaka likakaza. Yeye ndiye aliyeyachagua majani, na alijua yapi hayavunjiki upesi. Wakati tunashindilia nilisikia kama kitu kinatembea kwenye kahawa, nikashtuka. Alisema ni nyani.

Getini alikuwepo mlinzi mmoja, kijana wa Kimasai mwenye koti refu la kijeshi. Alitukataza kabla hatujafika. Baiskeli haiingii msituni, akasema, na mtu wa miguu vilevile. Mimi nikaanza kueleza kwamba ni mwalimu, nikaeleza vizuri sana, na hakunisikiliza hata kidogo. Mama Boay akanisogeza. "Nakwenda kumwona ng'ombe wangu," akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. Yule kijana akabadilika uso. Akauliza yuko kwa nani. Akatajiwa jina la mzee mwenye boma, akaitikia kwa kichwa kwamba anamfahamu. Akauliza, kama Mmasai yeyote angeuliza, "Ng'ombe wa rangi gani?" Nilijua tumekwama. Mama Boay akamtazama kwa lile jicho moja. "Sijui, mwanangu. Ndiyo maana nakwenda." Kijana alicheka mpaka akaegemea bunduki yake. Alituambia tusubiri, lipo lori linalopandisha mahindi, litatuchukua, na baiskeli tuiache kwake. Kisha akatazama juu ya vichwa vyetu, nyuma, kule tulikotoka. "Mko wangapi?" akauliza. Nikamwambia wawili. Akatazama tena, akasema haya.

Ukingoni tulikuta ukungu mzito kiasi kwamba dereva alitushusha na kutuelekeza kwa mkono, maana boma lenyewe halikuonekana. Wenyeji wetu walikuwa Koko Nasieku, mke mkubwa wa yule rafiki, na wakwe zake. Mzee mwenyewe alikuwa amekwenda mnadani. Koko ni bibi kwa Kimasai, na huyu alikuwa bibi hasa, mfupi, shanga zimejaa masikioni. Alituamkia "Takwenya," nikaitikia "Iko" kama nilivyofundishwa garini. Kuanzia hapo nilifanya kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka ule. Mmoja alizungumza Kimasai na Kiswahili kidogo, mwingine Kiiraqw na Kiswahili kidogo, na vile Viswahili vidogo viwili havikufanana, nami nikawa katikati nikitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Walielewana zaidi nilipotoka kwenda kujisaidia. Tulikunywa maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu, kisha tukaenda kumwona ng'ombe. Alikuwa mweusi mwenye mabaka meupe, mnene, na ndama anayenyonya. Mama Boay alimpapasa shingo, akamshika masikio, akainama akamtazama kwato. Alisema anafanana na bibi yake katika kukanyaga. Sikuona alifanana vipi, lakini Koko Nasieku alikubali kabisa.

Mchana ukungu ulianza kusogea. Koko alimshika mwenzake mkono, wakatembea mbele yangu hadi pale nchi inapokatika. Mama Boay aliliziba jicho lake bovu kwa kiganja, ili lile zima libaki peke yake. Kwanza palikuwa na weupe mtupu. Kisha weupe ukapasuka chini, ukaonekana mng'aro wa ziwa, na nyika ya rangi ya simba, na vivuli vya mawingu vikitembea juu yake, na kote kuzunguka kuta za kijani. Nilikuwa nimesoma habari zake shuleni na nilidhani najua. Koko Nasieku alinyosha kidole, akasema kwa Kiswahili chake, "Pale, karibu na miti ile ya njano. Nyumba yangu ilikuwa pale. Mtoto wangu wa kwanza, pale." Alieleza walivyoishi kule chini kabla ya kuambiwa wapande juu, mahali walipochota maji, mahali ambapo mumewe alikesha na simba nje ya zizi. Hakuongea kwa hasira, aliongea kama mtu anayeonyesha vyumba vya nyumba yake. Mama Boay alifuata kile kidole mahali hadi mahali, na akauliza, na akauliza tena, mpaka ukungu ukafunga. Machozi yalikuwa yanamtoka, jicho bovu na jicho zima. "Walikuwa wananiambia ni shimo," akaniambia. "Kumbe si shimo, Mwalimu. Ni mahali." Na mimi nililia, bila sababu yoyote ninayoweza kuieleza hata sasa, isipokuwa kwamba nilikuwa kijana na nilikuwa nimemwona mtu akipata alichokitaka.

Lori lilitushusha getini alasiri. Mlinzi alitukabidhi baiskeli, akauliza habari za ng'ombe, akaelezwa zote. Tulipofika kwenye mashamba ya kahawa, pale barabara inaponyooka na kuteremka kidogo, Mama Boay akashuka kwenye keria akasema, "Leo haina gari. Nipe." Nilitaka kumkatalia. Nilifikiria lile jicho, na tairi lililojaa majani, na breki. Kisha nikamshikia. Alipitisha mguu chini ya mtaimbo, akajisukuma, akaenda. Nilikimbia nyuma yake na kibuyu kitupu mkononi, naye hakugeuka, alikuwa anakwenda katikati kabisa ya barabara kuu ya watalii kama mwenye barabara, shuka linapepea, tairi linaacha vijani vidogovidogo nyuma yake. Alisimama mwenyewe barabara ilipoanza kupanda. Alikuwa anahema na anacheka. Nyumbani tulimkuta Boay amekaa kwenye kigoda, miguu kwenye karai, anaiosha kwa muda mrefu. Aliuliza ng'ombe hajambo. Mama yake akasema hajambo, ana ndama. Akasema vizuri. Alikula mara mbili usiku ule, na kulala mapema.

Mwaka ulipoisha nilihamishwa. Jicho la kulia lilizibika kama mganga alivyosema, na nilipowatembelea miaka ya themanini Mama Boay alikuwa hawezi tena kuona mkono wake. Lakini wajukuu walikuwa wamemzunguka uani, naye alikuwa ananyoosha kidole hewani: ziwa hapa, miti ya njano pale, na pale karibu na miti, nyumba ya Koko Nasieku. Alinitambua kwa sauti ya kengele ya baiskeli. Aliuliza kama nimeshajua kwa nini baiskeli haianguki.

Haya yote nilikuwa nayawaza nikiwa nimekaa na Basilisa chumbani, baada ya mazishi, kwenye nyumba ileile iliyoongezwa matofali. Elisha alikuja kuniita tuondoke kabla ya giza. Basilisa akamkatalia, akamkalisha, akampa maziwa ya mgando kwenye kikombe cha bati. Amekuwa mzee sasa, lakini bado anacheka na mkono mdomoni, hata siku ile. Alinigeukia. "Mwalimu," akasema, "Boay alikwambia kwamba siku ile aliwafuata?" Sikuelewa. Akaeleza. Boay hakuwa shambani. Aliondoka kabla yetu na mkuki wa baba yake na ugali aliofungiwa na Basilisa, akajificha, na tulipopita akatufuata kwa miguu njia nzima, ndani ya kahawa, mpaka getini. Tulipopanda lori alikwenda kwa yule mlinzi akakaa naye mpaka aliposikia lori linarudi. Hakutaka mama yake ajue, kwa sababu akijua ingekuwa kama amepelekwa, na mama alitaka kwenda mwenyewe. "Na pale alipoendesha mwenyewe," Basilisa akasema, "Boay alikuwa kwenye kahawa. Alimwona anapita, kisha akakata njia ya mkato ili awatangulie nyumbani. Aliniambia alitaka kupiga makofi akajizuia kwa kuuma kofia. Alisema ndiyo siku aliyomwona mama yake vizuri. Mpaka wiki iliyopita alikuwa anaisema." Nilimlilia Boay hapo, kwa mara ya kwanza tangu nilipopigiwa simu. Elisha alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili, hanywi.

Njiani kurudi hakuwasha redio. Tulipoteremka mlima alisema tu kwamba mkono wangu unaonekana umepungua uvimbe, nikamwambia umepungua. Siku chache baadaye niliamka nikakuta ufunguo wa stoo mezani, kando ya kikombe cha chai kilichofunikwa kwa kisahani. Elisha hakuwepo, lakini gari lake lilikuwa bado uani. Mkewe alisema ametoka mapema, ana kazi. Sikuuliza kazi gani. Niliitoa baiskeli, nikaijaza upepo, nikafunga kitambaa kichwani, nikaingia njia ya migombani inayokwenda upande wa ziwa, ambako kuna mfereji mpya wanaochimba na nilikuwa nataka kujua maji wanayatoa wapi. Mkono uliuma kidogo, si sana. Nilipopita nyumba ya mwisho nikasikia pikipiki nyuma yangu, kwa mbali, injini imebanwa gia ya chini. Nilipunguza mwendo ili inipite. Nayo ikapunguza. Sikugeuka. Nilipiga kengele, nikaongeza mwendo.